Lukemia kali kwa mjamzito: kwa nini hatungoji ajifungue

Swali ninaloulizwa kuliko mengine, aghalabu na mama mkwe kabla mgonjwa mwenyewe hajafungua kinywa, ni hili: “Daktari, kwani hawezi kujifungua kwanza ndipo aanze dawa?” Hulijibu polepole, maana linatokana na kumhurumia mtoto. Lakini kwa lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kasi, mimba ikiwa bado haijakaribia kukomaa, kungoja ni kumhatarisha mama, na mtoto pamoja naye.

Damu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Lukemia kali huujaza uboho chembe changa zisizokomaa, hata nafasi ya kutengeneza chembe nyekundu, chembe za kinga na chembe sahani zinazogandisha damu ikakosekana. Bila matibabu, mgonjwa ana wiki au miezi michache tu. Ni ugonjwa wa nadra, hukadiriwa mimba 1 kati ya 75,000 hadi 100,000, ndiyo maana hupita bila kushukiwa.

Hapa Mombasa mjamzito akisema amechoka hupewa vidonge vya kuongeza damu na kupimwa malaria. Ni sawa kabisa, wengi shida yao ndiyo hiyo. Ninachowaomba wenzangu wa kliniki ni hiki: damu isipopanda licha ya vidonge, ufizi ukitoka damu, vidoa vyekundu vikitokea miguuni, au homa ikirudirudi na malaria haionekani, msiishie kwenye himoglobini. Pimeni hemogramu nzima, yaani hesabu ya chembe zote za damu, na damu itazamwe kwa hadubini. Kioo kilekile anachotafutia vimelea fundi wa maabara chaweza kumwonyesha chembe kubwa ambazo kiini kimezijaa karibu zote, pengine na kijiti chembamba chekundu ndani yake. Akikiona, asiandike “hakuna malaria” akaenda kwenye kioo kingine. Ampigie daktari simu saa ileile. Kipimo cha uboho kwenye mfupa wa nyonga, kwa ganzi ya pale pale, hakimdhuru mtoto.

Baada ya hapo kila kitu hutegemea umri wa mimba. Miezi 3 ya kwanza ndiyo migumu, kwa kuwa viungo vya mtoto vinaumbika na kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, yaweza kuviharibu au mimba ikatoka. Hapo naketi na mama na mumewe, nawaeleza waziwazi, pamoja na uwezekano wa kusitisha mimba. Kifungu cha 26(4) cha Katiba yetu ya 2010 kinaruhusu hilo pale uhai au afya ya mama iko hatarini. Uamuzi ni wake, na sitaki mtu amwamulie kwa kelele.

Kuanzia mwezi wa nne, mambo hubadilika. Kwa lukemia kali ya mieloidi, mojawapo ya aina zake, twaweza kumpa dawa mbili za kemo, daunorubisini siku 3 na sitarabini siku 7, na watoto wengi huzaliwa wazima, ingawa wengine huja mapema au na uzito mdogo. Aina ya promielositi, tawi la hiyo ya mieloidi, ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu mgonjwa huvuja damu ovyo. Dawa yake ya jamii ya vitamini A hutumika baada ya miezi 3 ya kwanza, lakini aseniki, dawa yake nyingine, haitumiki kabisa wakati wa mimba. Mimba ikipita wiki 32, mara nyingi twazungumza na wakunga na madaktari wa watoto, mtoto azaliwe kwanza.

Kemo ikishaanza, adui mkubwa ni maambukizi. Mgonjwa wangu akiwa Likoni na homa ikampanda usiku wa manane, nataka avuke feri usiku huohuo. Ndugu nao waje kuchangia damu zaidi ya mara moja, kwani chembe sahani hazihifadhiki zaidi ya siku chache.

Kujifungua hupangwa takriban wiki 3 baada ya dozi ya mwisho, ili chembe za mama na za mtoto ziwe zimepanda. Na maadamu mama yumo kwenye kemo, asinyonyeshe. Hili huwauma wengi, kwa hiyo nalisema mapema, kabla mtoto hajazaliwa.