Aliyesoma Hafundishwi? Dhana Potofu Kuhusu Mafunzo ya Wafanyakazi wa Chuo Kikuu

Tangazo likitoka kwamba kutakuwa na mafunzo ya wafanyakazi, swali la kwanza kwenye ujia wa ofisi zetu huwa ni lile lile: "Ni Naivasha, hotelini, au ni hapa hapa?" La pili ni kama kuna marupurupu, la tatu ni kama kuna cheti. Swali la nne, tunaenda kujifunza nini, nimelisikia mara chache sana katika miaka niliyoratibu mafunzo haya hapa Nairobi. Siwalaumu wenzangu. Mtu huulizia alichozoeshwa, na waliowazoesha ni sisi waandalizi. Lakini nyuma ya maswali hayo kuna imani zinazotugharimu, na baadhi yake zimevaa joho kabisa.

"Mtu ana PhD, umfundishe kufundisha?"

Hii ndiyo mama yao. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vilivyotaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na wasiokuwa nayo wakapewa miaka mitano ya kuitafuta. Mbio zikaanza. Watu wakaandika tasnifu usiku, mchana wakasahihisha mitihani. Katika mbio hizo ikaota imani kwamba ukishavikwa joho jekundu, ualimu umekuingia wenyewe.

Uzamifu humfunza mtu utafiti: kuuliza swali ambalo halijajibiwa, kukusanya data, kujitetea mbele ya jopo. Hakuna sura ya tasnifu inayokuonyesha namna ya kuwashika wanafunzi 300 Jumatatu saa mbili asubuhi, wengine wakiwa bado wamekwama kwenye matatu pale Thika Road. Wala haikufundishi kutunga swali la mtihani linalopima kuelewa badala ya kukariri.

Na tazama kichekesho chake. Mwalimu wa shule ya msingi hasajiliwi na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) kabla hajasomea ualimu na kufanya mazoezi darasani huku akikaguliwa. Anayemfundisha mhandisi au wakili wa kesho anaweza kusimama ukumbini siku yake ya kwanza bila kufunzwa hata saa moja, akaiga tu alivyofundishwa yeye. Ikiwa alifundishwa kwa kusomewa noti, basi noti zitasomwa.

Kwamba jambo hili lina uzito, takwimu zipo. Mwaka huo huo wa 2014, Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Pale ambapo mhadhiri alizungumza na wanafunzi wakaandika tu, waliofeli walikaribia 34 katika kila 100. Pale ambapo wanafunzi walishirikishwa, kwa maswali, kwa kazi za vikundi, kwa kutatua tatizo papo hapo, walikuwa kama 22. Nyingi za tafiti hizo zilifanywa Marekani, kwa hiyo usizibebe nzima nzima hadi kampasi zetu za Parklands au Kahawa. Hata hivyo, ukumbi wa watu 300 wenye pengo kama hilo una wanafunzi 36 wanaorudia mtihani kwa sababu ya namna walivyofundishwa.

Wala mtu hahitaji kuvuka bahari kuitafuta dawa. Shirika la PASGR, ambalo makao yake yako Nairobi, linaongoza mpango wa PedaL unaowafunza wahadhiri wa vyuo vikuu vya Afrika mbinu hizi za ufundishaji. Katika vikao vyetu wenyewe nimewaona maprofesa wenye mvi wakiingia wamekunja mikono, na saa nane mchana wanabishana kwa sauti kuhusu namna ya kugawa vikundi. Sijui kwa nini tunawaogopa. Mtu aliyeipenda taaluma yake miaka thelathini hupenda pia ieleweke.

"Siku tatu hotelini zinatosha"

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, akajipima baada ya dakika, saa na siku. Alichoona ni kwamba usahaulifu hauji polepole: sehemu kubwa humwagika mapema mno, kisha kinachobaki hupungua taratibu. Semina ya siku tatu imeundwa kana kwamba huyu bwana hakuwahi kuishi.

Niwape mfano wa taasisi moja niliyofanya kazi. Ilinunua mfumo mpya wa kuingiza alama za wanafunzi. Wafanyakazi wa idara zote wakapelekwa Naivasha mwezi wa nane, wakaonyeshwa skrini baada ya skrini, wakapiga picha ya pamoja kando ya ziwa. Mfumo wenyewe ukafunguliwa mwezi wa kumi na moja. Asubuhi ya siku ile kulikuwa na foleni kwenye mlango wa ofisi ya TEHAMA iliyofika hadi kwenye ngazi, na wengi waliokuwemo walikuwa na cheti cha kuujua mfumo huo. Pesa zilikuwa zimeishia kwenye vyumba na chakula cha jioni. (Samaki walikuwa watamu, nikiri.)

Muhula uliofuata tulifanya bila makeke. Kila Jumatano, dakika arobaini, kwenye chumba cha kompyuta cha chuo, kila mtu na alama zake halisi. Wiki sita. Kila kikao kilianza kwa kuwaambia watu wafanye tulichofanya wiki iliyopita bila kuangalia maelezo. Walinuna. Lakini ujanja huo una msingi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma makala tena na tena na wale waliosoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, wasomaji waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima waliwaacha mbali. Hapo ndipo siku ya mwisho ya semina inapotudanganya, kwa maana kila mtu hutoka akihisi anajua.

"Kuna wanaojifunza kwa macho, wengine kwa masikio"

Hapa nyani haoni kundule, kwa hiyo nianze na langu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na slaidi moja yenye piramidi nzuri ya rangi: tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia, na kadhalika hadi asilimia 90 ya tunachotenda. Hakuna aliyewahi kuniuliza nani alipima. Mchoro ule umekopwa kutoka kwa Edgar Dale, Mmarekani aliyeuchora mwaka 1946 kuonyesha aina za tajriba darasani, na katika mchoro wake hakukuwa na asilimia yoyote. Namba zilipachikwa na watu wengine, na vile zote ni makumi kamili kungetosha kumtia shaka mtu yeyote aliyewahi kukusanya data.

Habari ya mitindo ya kujifunza nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu waliupitia ushahidi wake na hawakupata wa kutosha kuonyesha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaodai ni wake kunamfanya ajifunze zaidi. Watu wana mapendeleo, hilo kweli. Ila ramani ya Nairobi utaifundisha kwa picha hata kwa anayejiita mtu wa masikio, na matamshi ya Kijerumani kwa sauti hata kwa mtu wa macho. Jambo lenyewe ndilo linaloamua. Slaidi niliifuta, ingawa mara mbili nimeikuta kwenye wasilisho la mtu mwingine ikiwa na makosa yangu ya tahajia.

"Mafunzo ni ya wahadhiri"

Mwenyeji wa kwanza wa mwanafunzi mpya chuoni si profesa. Ni askari wa langoni, kisha karani wa udahili, kisha dirisha la karo. Mhadhiri wake huenda akakutana naye wiki ya pili. Hata vyama vya wafanyakazi vinakuonyesha jinsi nyumba hii ilivyo pana: UASU ya wahadhiri, KUSU ya wafanyakazi wa utawala na ufundi, KUDHEIHA ya wahudumu. Bajeti ya mafunzo, nilikopita mimi, huanza kugawanywa juu na hukauka kabla ya kufika chini.

Chukua karani anayebandika matokeo ukutani, majina kamili kando ya alama, kama ilivyofanywa tangu enzi za taipureta. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa hizo zina ulinzi wa kisheria, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, taasisi ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu inapojua. Nani alimwambia karani? Mara nyingi semina ya sheria hiyo iliwaita wakuu wa idara.

Au chukua fundi wa maabara. Katika maabara moja nilikuta asidi zote kwenye rafu moja, zimepangwa kialfabeti, nadhifu kuliko maktaba. Asetiki na nitriki zikikaa jirani ni hatari: nitriki ni kioksidishaji kikali, yaani huchochea moto, na asetiki ni kitu kinachoweza kuungua. Aliyezipanga alikuwa na uzoefu wa miaka kumi na tisa, na alifanya alivyoelekezwa siku ya kwanza. Uzoefu humwongezea mtu kasi ya kufanya anachojua, hata kama anachojua kina kosa ndani yake.

"Cheti kitanipandisha cheo"

Kuna ukweli kidogo. Kwa nafasi nyingi za utawala serikalini, kozi ya usimamizi ya wiki nne au ya uongozi ya wiki sita, kama zile za KSG, chuo cha serikali cha kuwafunza watumishi wa umma kule Lower Kabete, hutajwa kwenye masharti ya cheo. Soma masharti ya cheo unachokitaka kabla ya kulipa karo. Vyeti vingine vyote vya "umehudhuria" vitajaza faili tu, na nafasi isipotangazwa hata hicho cha Kabete kitangoja.

"Mtandaoni ni bure"

Moodle, programu ya kuendeshea kozi za mtandaoni, yenyewe ni bure, ndiyo. Seva, bando la mfanyakazi, na muda wa kukaa kwenye kozi si bure. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 tulijifunza hilo kwa wiki mbili za taabu. Ukimpa mtu kozi ya mtandaoni bila kumpunguzia kazi, umemwambia aisome saa nne usiku watoto wakilala.

"Wote walifurahi, basi yalifaulu"

Mwishoni mwa kila semina huwa tunagawa fomu, na fomu husema ukumbi ulikuwa mzuri na chai ilichelewa. Donald Kirkpatrick alipendekeza tangu 1959 kwamba mafunzo yatazamwe kwa ngazi nne: watu waliyapokeaje, walijifunza nini, wamebadilisha nini kazini, na kazi yenyewe imefaidika vipi. Fomu zetu hukwama ngazi ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayoweza kumalizwa kabla ya basi kuondoka.

Siku hizi baada ya miezi mitatu huwa nazunguka ofisini na swali moja: umebadilisha nini? Wengi hunipa soda na kubadilisha mazungumzo. Yule fundi wa maabara hakujibu, alinipeleka kwenye kabati. Nitriki ilikuwa imehamishiwa kabati lake peke yake, ndani ya trei ya plastiki, na juu ya rafu ya zamani kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: "USIRUDISHE HAPA." Gundi ilikuwa imeanza kuachia. Nikamwahidi kumtafutia tepu.