Rangi katika bustani ya maji machache: maana yake kwa mkazi wa Tanga

Bustani ya maji machache ni ile iliyopangwa iishi kwa mvua na umwagiliaji wa nadra. Rangi yake hutoka kwa mimea inayovumilia ukame, kwenye majani, ukuta na mawe, kuliko kwenye maua yanayodai ndoo ya maji kila jioni. Mjini Tanga mpango huu hupimwa Januari na Februari, vuli ikishapita na masika hayajafika, upepo wa kaskazi ukikausha kila kitu.

Mmea unaoeleza dhana hii vizuri kuliko mingine ni bogonvilia. Kile tunachokiita ua ni majani maalumu yenye rangi. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati. Bogonvilia hutoa rangi ikipata kiu kidogo. Ukiimwagilia kila siku, au ukiipa yurea na samadi kwa wingi, inarefusha matawi na kubaki kijani kitupu. Mwenyewe akiona haichanui huongeza maji, nayo ndiyo inazidi kugoma. Miezi miwili ya kwanza ipe lita 20 mara mbili kwa wiki mpaka mizizi ishike. Baada ya hapo ngoja majani yaanze kulegea ndipo uimwagilie, tena kwa wingi, maji yafike chini. Inahitaji jua la saa sita kwa siku angalau. Rangi ikipukutika, pogoa, kwa kuwa maua mapya hutoka kwenye machipukizi.

Maua huja na kuondoka, majani hubaki. Kijivu-buluu cha mkonge, ambao Tanga inaujua kuliko mji wowote, hutuliza macho kati ya rangi kali. Krotoni ina manjano, nyekundu na machungwa katika jani moja, lakini hunywa kuliko wenzake. Ipande peke yake karibu na bomba. Kuchanganya mimea yenye kiu tofauti kwenye tuta moja ndilo kosa linaloua bustani nyingi: ukimnywesha mmoja, unamwozesha mwingine.

Jua la pwani saa sita mchana hupausha rangi nyepesi. Waridi hafifu haionekani. Nyekundu, machungwa na zambarau nzito husimama. Nyeupe hupendeza jioni, hivyo iweke karibu na baraza. Nyekundu huonekana kusogea karibu na zambarau kurudi nyuma, kwa hiyo kwenye kiwanja kidogo panda nyekundu mbele na zambarau mwishoni, kitaonekana kirefu. Chagua rangi mbili au tatu tu, kila mmea kwa kundi la mitatu au mitano, kisha lirudie kundi hilo upande wa pili. Mche mmoja wa kila aina huleta vurugu, hata kama kila mmoja ni mzuri. Ukuta uliopakwa chokaa ni mandhari bora kwa zambarau.

Waridi la jangwani, mmea wa shina nene linalotunza maji, lipande kwenye chungu chenye matundu: mchanga wa mto wenye chembe kubwa sehemu mbili, mboji sehemu moja. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie. Shina likilainika chini, maji yamezidi. Utomvu wake ni sumu, na wa mmea uitwao taji la miiba huunguza macho, basi viwe mbali na watoto na mbuzi.

Funika udongo kwa makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisioze. Kokoto nyeupe hupendeza kwenye picha, lakini hurudisha mwanga na joto kwenye majani ya chini na kuyababua. Zitumie njiani tu. Maji ya kisima kilicho karibu na bahari yaonje kwanza: yakiwa na chumvi, kingo za majani ya krotoni zitaungua, na hapo ni heri kuvuna ya paani. Miche yote ipandwe mwanzoni mwa masika, mvua ikishalowesha udongo.