Umetaboli: mwili hujilisha vipi usiku kucha

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko yote ya kikemia yanayoendelea ndani ya kiumbe hai: kuvunja chakula ili kupata nishati, na kuitumia nishati hiyo kujenga protini, mafuta na vingine mwili unavyohitaji. Kuvunja na kujenga hakusimami hata ukilala. Kinachobadilika ni upande upi unaongoza, na hilo huamuliwa zaidi na homoni.

Wanafunzi wa udaktari, pale Bugando, Mwanza, na kwingineko, huukuta kwenye baiokemia ukiwa chati kubwa iliyojaa mishale. Wengi huikariri, na mtihani ukipita nayo inapita. Mimi naona ni heri kumfuata mtu mmoja tangu jioni hadi asubuhi. Tumchukue mvuvi wa dagaa wa Igombe, mwalo wa Ziwa Victoria huko Mwanza.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wengi hupumzika. Kabla ya kuingia ziwani amekula ugali na sato. Wanga wa ugali unameng'enywa kuwa glukosi, sukari ya damu inapanda, kongosho inamwaga insulini, homoni inayoamuru sukari iwekwe akiba. Ini na misuli huiweka glukosi akiba kwa umbo la glaikojeni: ini la mtu mzima hubeba gramu 100 hivi, misuli yote kwa pamoja karibu 400. Ikizidi, sehemu hugeuzwa mafuta.

Usiku wa manane ule ugali umeshakwisha tumboni. Insulini inashuka, glukagoni, homoni inayofanya kinyume chake, inapanda, na ini linaanza kutoa akiba yake. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Misuli ina glaikojeni mara nne ya ini, lakini haiwezi kuipa damu hata chembe ya glukosi. Ili glukosi itoke nje ya seli, sharti kwanza ing'olewe fosfeti iliyoshikamana nayo, na kimeng'enya cha kazi hiyo, glukosi-6-fosfatasi, ini linacho, msuli hauna. Kwa hiyo ubongo, unaotumia takribani gramu 120 za glukosi kwa siku, usiku huo unaishi kwa hisani ya ini.

Msuli hata hivyo una mlango wa nyuma. Mvuvi anapovuta wavu kwa nguvu, glukosi inavunjwa haraka kuliko mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinavyoweza kuimalizia, na kinachobaki ni lakteti, mabaki ya glukosi iliyovunjwa nusu. Hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye ini, ikageuzwa glukosi tena. Mzunguko huu una jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Si wa bure: msuli ulipata molekuli 2 za ATP, sarafu ya nishati ya seli, kwa kila glukosi, ini linatumia 6 kuirudisha.

Kukaribia alfajiri, mafuta ndiyo yanabeba mzigo mkubwa wa misuli na moyo. Ila asidi za mafuta tunazokula kwa kawaida haziwezi kugeuzwa glukosi. Gliseroli, kipande kingine cha mafuta, inaweza, na asidi amino nyingi, zinazotoka kwenye protini, pia. Ndiyo maana mtu mnene akifunga siku nyingi bado hupoteza nyama ya mwili.

Mvuvi atafika mwaloni salama, atakunywa chai, mambo yataanza upya. Mtoto mwenye malaria kali hana nafasi hiyo. Akiba ya ini lake ni ndogo, hajala tangu jana, vimelea vinakula glukosi na kutoa lakteti, na ini lenyewe limelemewa. Akipewa kwinini, dawa hiyo nayo huichochea kongosho kumwaga insulini. Sukari ikishuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita, fahamu zinaweza kupotea na degedege kuanza. Kwa macho huwezi kulitofautisha na degedege la malaria iliyopanda kichwani, hivyo muuguzi humchoma kidole na kupima sukari palepale, na ikiwa imeshuka mtoto huwekewa dekstrosi, yaani glukosi ya maji, mshipani.