Je, wajua ni kwa nini chakula kiliamua uhuru wa Ethiopia kule Adwa?

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Mfalme Menelik wa Pili liliwashinda Waitalia katika milima ya Adwa, kaskazini mwa Ethiopia, na kwamba kwa ushindi huo nchi hiyo ilinusurika wakati karibu Afrika nzima ikigawanywa na mataifa ya Ulaya. Kisichosimuliwa sana ni kwamba vita hivyo nusura visipiganwe, kwa sababu majeshi yote mawili yalikuwa yakiishiwa masurufu, na swali kubwa la siku zile za mwisho lilikuwa ni nani angeshindwa kuvumilia njaa kwanza.

Ethiopia iliijua njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka, unaoaminika kuingia kupitia Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu, pamoja na ng'ombe walioletwa kulilisha jeshi la Italia, ulifyeka sehemu kubwa ya mifugo ya nchi. Mkulima aliyepoteza maksai wake hakuwa na cha kukokotea plau, nzige na ukame vikaongeza msiba, na watu wakaendelea kufa hadi mwaka 1892. Katikati ya dhiki hiyo, Mei 1889, Menelik alitia saini Mkataba wa Wuchale, ambao Italia iliutumia kudai kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake.

Menelik aliukana mkataba huo mwaka 1893, lakini hakukimbilia vita. Alitumia muda kukusanya bunduki na mizinga, baadhi kutoka Ufaransa na Urusi na nyingine kutoka Italia yenyewe, akilipa kwa pembe za ndovu, kahawa na dhahabu. Hapana budi kusema ukweli hapa: sehemu kubwa ya mali hiyo ilitoka kusini, katika nchi ambazo majeshi yake yaliziteka kwa nguvu, kama Wolaita mwaka 1894, kwa hiyo watu wa huko waligharimia uhuru ambao wao wenyewe walikuwa wamenyang'anywa.

Mbiu ya mgambo ilipolia Septemba 1895, watu wapatao 100,000 walijikusanya na kuelekea kaskazini, wakifuatana na nyumbu wa mizigo na wanawake waliosaga nafaka na kupika njia nzima. Januari 1896 walifika Mekelle, ambako Waitalia walikuwa wamejifungia ndani ya ngome. Mashambulizi ya kuta yaligharimu maisha ya wengi bila mafanikio, hadi Malkia Taytu, aliyekuwa vitani na kikosi chake mwenyewe, alipohimiza chemchemi zilizokuwa nje ya ngome zitekwe. Kiu ikafanya kazi ambayo mizinga ilishindwa kuifanya. Ngome ikasalimu amri, na Menelik akawaruhusu askari wa Italia waondoke.

Mwezi uliofuata majeshi yalitazamana karibu na Adwa bila upande wowote kuthubutu kuanza. Jenerali Oreste Baratieri, kamanda wa Waitalia mwenye watu 17,000 na zaidi, alitegemea misafara ya wanyama iliyopanda milima kutoka pwani, na machifu wa eneo la Agame walipoasi nyuma yake, njia hiyo ikawa ya hatari. Upande wa pili, mashamba ya Tigray, jimbo lenye Adwa, yalikwisha kukombwa, na Menelik alikuwa akikaribia kuvunja kambi. Baratieri alijua kwamba kurudi nyuma kungemwokoa, lakini Waziri Mkuu Francesco Crispi alimshutumu kwa simu ya maandishi tarehe 25 Februari, na siku tatu baadaye majenerali wake nao wakakataa kurudi. Kwa maoni yangu, kama angengoja siku chache tu, huenda angekuta mabonde matupu.

Badala yake, usiku wa tarehe 29 Februari alizipeleka brigedi zake gizani kwa ramani mbovu. Brigedi ya Jenerali Albertone ilipita mbali mno mbele ya wenzake, kulipopambazuka ikajikuta peke yake, na Waethiopia wakazishambulia brigedi hizo moja baada ya nyingine huku wanawake wa kambini wakiwapelekea wapiganaji maji. Upande wa Italia ulipoteza watu wapatao 6,000 waliouawa, wakiwemo askari wengi wa Eritrea, koloni la Italia, na Waethiopia nao walikufa kwa maelfu.

Serikali ya Crispi ilianguka, na kwa Mkataba wa Addis Ababa wa tarehe 26 Oktoba 1896 Italia iliutambua uhuru kamili wa Ethiopia, ingawa Eritrea ilibaki mikononi mwake. Jeshi la Menelik, lililochoka na kukosa chakula, halikuweza kuendelea hadi baharini.

Waitalia waliporudi mwaka 1935, walianza kwa kupanua bandari ya Massawa na kujenga barabara za kupandishia masurufu, kisha wakatumia ndege na gesi ya sumu. Waliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936, na Mfalme Haile Selassie akarejea humo tarehe 5 Mei 1941, katika kampeni ambayo askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) nao walipigana.