Je, wajua kwa nini mbu aliyeanguka sakafuni huamka tena?

Umepuliza dawa chumbani Kondele, Kisumu, saa mbili usiku. Baada ya dakika chache mbu wako chini, wamelala chali, miguu inatapatapa. Saa saba usiku mmoja analia sikioni. Huenda ameingia baadaye kupitia mwanya kati ya ukuta na paa. Lakini anaweza kuwa yule yule wa sakafuni, na ili kujua kwa nini, tuanze mbali kidogo na Kisumu, kwenye mashamba ya baridi ya Molo.

Huko hulimwa pareto, ua lenye petali nyeupe na kitovu cha njano, ambalo ndilo chimbuko la dawa nyingi za kupuliza. Sumu yake, piretrini, imejaa zaidi kwenye vijitunda vilivyojificha chini ya kitovu, wala si kwenye petali. Hata ua likikaushwa vizuri, piretrini ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake. Ukichuma kabla vijiua vya katikati havijafunguka, sumu ni kidogo. Ukirundika maua mabichi kwenye gunia yakavunda, unaipoteza. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita Kenya iliuzia dunia pareto kuliko nchi nyingine yoyote, na kiwanda cha kuisindika kilikuwa Nakuru mjini.

Neva ya mbu ina vilango vidogo vya kupitisha sodiamu. Ujumbe unapopita, kilango hufunguka na kufunga upesi kuliko jicho linavyopepesa. Piretrini huingia hapo kama kabari, kilango kikabaki wazi, neva ikarudia ujumbe ule ule bila kukoma. Misuli inatetemeka, mabawa yanakataa, mbu anaanguka. Sisi pia tunavyo vilango hivyo, ila vyetu haviathiriki kwa urahisi kama vya mbu, na maini yetu huivunja sumu hiyo haraka.

Kuanguka, hata hivyo, si kufa. Mbu naye ana vimeng'enya vya kuvunja sumu. Akipata dozi ndogo, vimeng'enya hivyo huisafisha, neva hutulia, naye huinuka. Ndiyo maana baada ya kupuliza na kufungua madirisha hewa ipite, inafaa kuwazoa wote walioanguka na kuwatupa jikoni motoni au chooni. Wengi husahau hatua hii, na ndiyo yenye faida kubwa.

Wanaopima dawa za mbu, kwa mfano kwenye maabara za KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, pale Kisian, wanaijua tofauti hii vizuri. Mbu jike wa siku 3 hadi 5, ambao bado hawajanyonya damu, huwekwa 20 hadi 25 kwenye mrija wa plastiki uliofunikwa ndani kwa karatasi iliyotiwa dawa ya permethrini ya asilimia 0.75. Wanakaa humo saa moja. Ukitazama mwishoni mwa saa hiyo, karibu wote wanaweza kuwa chini, na mgeni angesema dawa ni kali. Kisha wanahamishiwa mrija safi, wanawekewa pamba yenye maji ya sukari, wanaachwa saa 24. Hesabu inayoaminika ni hiyo ya kesho yake: anayeweza kusimama na kuruka yu hai. Wakifa 98 au zaidi kwa kila 100, dawa inafanya kazi. Wakifa chini ya 90, mbu hao ni sugu.

Permethrini yenyewe ni mtoto wa pareto. Ua lina kasoro moja kubwa: jua huiharibu piretrini kwa saa chache. Mwaka 1973 mkemia Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, iliyoundwa kwa kuiga piretrini lakini inayostahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi. Hapo ndipo neti yenye dawa ya aina hii ikawezekana. Asembo na Gem, Siaya, miaka ya 1990, neti zilichovywa kwa mkono kwenye permethrini na vifo vya watoto wadogo vikapungua. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba hata nyumba zisizo na neti, zikiwa ndani ya mita 300 hivi kutoka zenye neti, zilipata kinga. Neti ilikuwa ikiua mbu wa kijiji, si kumkinga tu aliyelala ndani yake.

Tangu hapo karibu kila kitu tumekiegemeza kwenye ukoo huo mmoja: neti, kopo la kupuliza, hata koili nyingi. Mbu nao wakajifunza. Mwaka 2000 watafiti walieleza kuhusu mbu wa Kenya ambao kilango chao cha sodiamu kimebadilika umbo, kabari isikae sawasawa. Wengine wameongeza vimeng'enya tu. Kwa hawa wa pili kuna neti zilizochanganywa na PBO, kemikali inayovifunga vimeng'enya ili dawa ya kawaida ifanye kazi yake.

Dawa inaweza kusaidia hata isipoua. Busia ulifanyika utafiti wa vikaratasi vya plastiki vyenye transfluthrini, vinavyotundikwa ukutani na kubadilishwa kila mwezi. Hutoa mvuke mdogo unaomvuruga mbu asimpate mtu. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha maambukizi ya malaria kwa watoto yakipungua kwa karibu theluthi moja, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza mbinu hiyo itumike pamoja na neti. Transfluthrini nayo ni ya ukoo wa pareto, kwa hiyo usugu lazima uchunguzwe huko pia.

Ukipewa neti mpya, itundike kivulini siku moja kwanza. Ioshe kwa sabuni ya mche na maji baridi, si zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu: dawa imo ndani ya nyuzi na hupanda juu polepole, kwa hiyo kila uoshaji huondoa tabaka la juu, na kulirudisha huchukua siku kadhaa. Usiifulie ziwani, maana dawa hiyo huua samaki. Anika kivulini. Neti inayoanikwa juani kando ya omena hubaki kitambaa chenye dozi ndogo, na dozi ndogo ndiyo inayomwangusha mbu bila kumuua.

Kuna pia neti zenye klorofenapiri pamoja na dawa ya ukoo wa pareto. Klorofenapiri haigusi vilango vya sodiamu kabisa. Ikiingia mwilini mwa mbu bado haijawa kali. Vimeng'enya vyake, vile vile anavyotumia kuvunja permethrini, ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu inayozima nguvu za seli. Inaua taratibu, hadi saa 72. Ukiwa na neti hiyo, ukamwona mbu alfajiri akiruka kutoka kwenye neti kwenda dirishani, usiitupe. Huyo anaweza kufa kesho kutwa.