Ukitaka kushuka kutoka pikipiki kubwa, anza na kilo

Wanaokuja gereji kwangu hapa Mbeya kuulizia pikipiki ndogo zaidi karibu wote huanza na cc, yaani ukubwa wa injini. "Fundi, ya 250 itanitosha? Au nibaki kwenye 650?" Huwa naomba swali hilo tuliweke kando kwanza. Mtu aliyezoea pikipiki kubwa ya safari, BMW R 1200 GS au Honda Africa Twin, hachoshwi na cc. Anachoshwa na kilo, na hasa mahali kilo hizo zilipokaa. Kwa barabara zetu za Nyanda za Juu Kusini, pikipiki ya kununua ni ile unayoweza kuiinua peke yako ikiwa imelala kwenye utelezi, na ambayo bado ina pumzi ya kukufikisha juu kwenye uwanda wa Kitulo. Zinazotimiza yote mawili ni chache.

R 1200 GS ya kuanzia mwaka 2013 ina kilo 238 ikiwa na mafuta. Ile ya Adventure ya kizazi hicho, yenye tangi la lita 30, inafika kilo 260. Hapo bado hujafunga masanduku ya alumini, bampa za kukinga injini wala hema, na abiria hajapanda. Africa Twin ya cc 1,100 ina kilo 226. Kwenye lami namba hizi hazikusumbui. Injini ya BMW imelala chini, silinda moja kila upande, kwa hiyo ukishaondoka pikipiki inakuwa laini mikononi, na unaweza kutoka Uyole mpaka Makambako bila kuhisi kama umebeba kitu. Kazi inaanza unaposimama. Mvua imenyesha, uko kwenye mpando wa Isyonje kuelekea Kitulo, mguu wa kushoto unatafuta ardhi na ardhi iko chini kidogo kuliko ulivyodhani. Pikipiki ya kilo 250 ikishainama kupita kiwango fulani, hakuna paja la binadamu litakaloizuia.

Na huku kwetu utelezi si ajali ya bahati mbaya, ni msimu. Mvua za Rungwe na Makete zinaanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Udongo wenyewe umetokana na majivu ya volkeno, na ukilowa unakuwa kama sabuni. Wageni wanaokuja kuona maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, wanayakuta yamechanua vizuri kati ya Desemba na Aprili, yaani katikati ya mvua zenyewe. Ukipitia Chimala unakutana na Hamsini na Saba, zile kona 57 zinazopanda kwenda Matamba. Kona za namna hiyo unazipita kwa mwendo mdogo, usukani umekunjwa, klachi nusu, na hapo ndipo pikipiki nzito inapenda kuanguka. Kurudi chini ni mtihani mwingine: uzito wote ule unashikwa na breki, kona baada ya kona, na breki zikipata moto hendeli inaanza kuwa laini. Pikipiki nyepesi inazipa breki kazi ndogo zaidi, na ikianguka inaanguka kwa upole zaidi, juu ya mguu wako pia.

Kuna mteja wangu, mzee aliyestaafu kazi ya kilimo pale Uyole, ambaye nilimfanyia jaribio ambalo sasa namfanyia kila mtu. Tulilaza GS yake taratibu kwenye majani yaliyolowa, nje ya gereji. Nikamwambia, "Mzee, leo hakuna wa kukusaidia." Akaipa mgongo, akaegemeza makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ukashika usukani uliokunjwa mpaka mwisho, mwingine ukashika keria, kisha akasukuma kwa miguu, hatua ndogo ndogo za kurudi nyuma. Mara ya kwanza ilisimama. Mara ya pili iliishia nusu, viatu vikawa vinateleza, nikaishika. Baada ya kupumzika tukalaza Yamaha Serow ya cc 250. Akaiinua, akailaza mwenyewe, akaiinua tena. "Fundi," akasema, "hii hata sijanywa chai nitaiinua."

Ukitaka kujaribu nyumbani, zima injini, iache kwenye gia ili isikutoroke, na kama imelala upande wa kulia fungua stendi kabla hujaanza ili isipitilize ikadondokea upande wa pili. Mlimani, izungushe kwanza ikiwa imelala hivyo hivyo mpaka matairi yaelekee bondeni, vinginevyo unainua kilo zote pamoja na mlima. Jaribu mara mbili mfululizo, kwa sababu siku ya kuanguka huanguki mara moja.

Sasa upande wa pili wa mizani, maana wapo wanaoshuka kupita kiasi. Injini inavuta hewa, na hewa inapungua kadiri unavyopanda. Kwa makadirio ya kawaida, kila mita 1,000 zinaondoa kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Ukifika huko, robo ya nguvu uliyonunua imebaki mabondeni. Injini ya cc 1,200 ikipoteza robo hutajua. Honda XR150L, pikipiki ninayoiheshimu kwa kazi za mjini na za shamba, ina nguvu za farasi kama 12 tu; ukiondoa robo, ukampakia mwenzako na begi, unabaki na kitu cha kupandishia kwa gia ya kwanza.

Kwenye pikipiki za kabureta kuna jambo la ziada. Hewa imepungua lakini kabureta inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo kile kile ilichopangiwa kule chini. Ukifungua plagi ya pikipiki iliyokaa wiki nzima Matamba unaikuta nyeusi, ina masizi makavu yanayofutika kwa kidole, na mwenye nayo analalamika kwamba inakula mafuta na haivuti. Mara nyingi haina ugonjwa. Inahitaji jeti ndogo zaidi, kile kitundu kinachopima petroli, basi. Mfumo wa injekta unapima hewa na kupunguza mafuta wenyewe, ndiyo maana kwa mtu wa milimani nasisitiza injekta, ingawa kabureta ni rahisi kutengeneza porini.

Najua mtaniambia vijana wa bodaboda wanapanda huko kila siku na Boxer ya cc 150, wamebeba abiria na gunia la viazi. Ni kweli, na nawavulia kofia. Lakini injini zao nazifungua mimi, naona ringi na silinda zilivyoliwa.

Kwa hiyo mahali pazuri kwetu ni kati ya cc 250 na 400, kilo zisizozidi 160. Ninayoipendekeza kwanza kwa mtu mzima anayetoka kwenye pikipiki kubwa ni hiyo Serow 250. Za mwisho zina kilo 133, kiti kiko milimita 830 kutoka ardhini, injini inapozwa na hewa hivyo hakuna rejeta ya kupasuka, na kuanzia mwaka 2008 zinatumia injekta. Yamaha waliacha kuitengeneza mwaka 2020, kwa hiyo utaagiza iliyotumika kutoka Japani. Jambo linalonifurahisha kama fundi ni mnyororo wake: saizi ni 428, ile ile ya pikipiki za bodaboda. Ukikatika safarini, duka lolote la spea Mwanjelwa hapa Mbeya au Makambako lina wa kukuokoa.

Ukitaka mpya zaidi, kuna Honda CRF300L, kilo 142. Ina nguvu kuliko Serow na shokapu zake zina mwendo mrefu, lakini kiti kiko milimita 880 na mtu mfupi atateseka kwenye mwinuko. Tangi lake ni lita 7.8, dogo kwa safari ya Makete na kurudi kama hutaki kutegemea petroli ya chupa kando ya barabara. Toleo lake la safari, CRF300L Rally, linabeba lita 12.8 na lina kioo cha kuzuia upepo kwa kilo 11 zaidi, na kwa anayetembea mbali naona linalipa.

Royal Enfield Himalayan ya cc 411 inapendwa kwa kiti chake cha milimita 800, na ni pikipiki tulivu, lakini inakaribia kilo 200. Mwenye miguu mifupi ataifurahia kwa sababu anakanyaga chini vizuri. Mwenye mgongo mbovu asidanganywe na kiti. Suzuki DR650 ina kilo 166 na roho ngumu, ila ni ya kabureta na kiti chake kiko juu. Mpe anayejua kushika bisibisi. Kuhusu Yamaha Ténéré 700 naulizwa sana. Nzuri mno, naipenda, lakini ina kilo 204. Kutoka GS ya kilo 238 umeokoa kilo 34, na bado utahitaji mtu wa kukusaidia kuinua.

Hizo kilo ulizookoa zinarudi kimyakimya kupitia mizigo. Masanduku mawili ya alumini pamoja na fremu yake yanafika kilo 15 hadi 20 yakiwa matupu, tena yamekaa nyuma na juu, mahali pabaya kabisa. Fremu ya nyuma ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kwa hilo, na nimeshaunga kadhaa zilizopasuka kwenye kona ya keria. Mafundi turubai wa Mwanjelwa wanashona mabegi mazuri ya pembeni ukiwapa vipimo. Vitu vizito, yaani spana, maji na mirija ya akiba, viweke chini na mbele kadiri inavyowezekana.

Siwezi kuficha unachopoteza. Kwenye barabara kuu ya TANZAM, lori la kwenda Tunduma likikupita, upepo wake unaisogeza Serow kwa namna ambayo GS hata haikuijua. Kulipita lori mlimani kunahitaji subira na nafasi ndefu. Mwendo wa raha ni kilomita 80 hadi 90 kwa saa, na ukipanda Kitonga na abiria utatamani ile kubwa. Kama safari zako ni Mbeya na Dar es Salaam kwa lami, na huna haja ya Matamba wala Ludewa wala njia za Chunya, baki nayo na uitunze.

Kwa waliokwisha nunua CRF300L, kabla ya kufikiria egzosi au taa za ziada, angalieni sproketi, zile gia za meno zinazozungusha mnyororo. Inatoka kiwandani na meno 14 mbele na 40 nyuma. Ukiweka 13 mbele, gia zote zinashuka kwa karibu asilimia 7: gia ya kwanza inatambaa kwenye kona bila kuchoma klachi, na ya tatu inavuta mahali ilipokuwa inakohoa. Lami unailipia kwa injini kuzunguka zaidi kwa mwendo ule ule. Anayeishi Makete namfungia 13. Anayeshuka Makambako kila wiki namwachia 14, na ile ya 13 naifunga kwenye mfuko wa spana, maana kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi.