Springi haiinui difu

Jumatatu amekuja mteja na Hilux: "Fundi, niongezee majani mawili nyuma, difu inaburuza kwenye tope la Uporoto." Ni wa tatu mwezi huu kutaka majani, yaani vyuma bapa vya springi, ili difu ipande. Nimechoka kulieleza hili mmoja mmoja.

Difu ya nyuma, lile bonge la gia linalogawa mzunguko kwa matairi, imo ndani ya ekseli, na ekseli inabebwa na matairi. Ongeza majani utakavyo, kinachopanda ni chesisi na bodi. Difu inabaki palepale! Kinachoiinua ni tairi, tena kwa nusu ya kimo kilichoongezeka: la saizi 265/65R17 lina kimo cha milimita 776 hivi, 265/70R17 lina 803. Tairi limezidi kwa 27, difu imepata 13 na ushee. Chukua futi upime.

Na kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Springi ikiwa ngumu, ekseli haijipindi kufuata mashimo. Ukiingia kwenye korongo gari likiwa tupu, tairi moja linaning'inia. Difu isiyo na loki ya kulazimisha matairi yote mawili yazunguke pamoja hupeleka mzunguko kwenye wepesi, basi la hewani linazunguka na lililokanyaga ardhi limetulia. Umelipa hela ukwame mapema. Majani ya ziada ni ya mzigo. Kama unashusha viazi kila siku, nitakuongezea, lakini usijaze lumbesa ukidhani na breki, beringi na chesisi vimeongezeka nguvu.

Mbele inategemea gari. LN106, Hilux ya zamani, ina ekseli nzima na majani hata mbele, hesabu ni ileile. Hilux za kuanzia 2005 zina koili, kila tairi linajitegemea, na difu imefungwa kwenye chesisi. Hapo ukiinua, difu hupanda kweli, ila shafti zinakaa upande, buti za sivijointi (mipira inayofunika viungo vya shafti) zinachanika, alaimenti inapotea. Wa toshenibaa (fito za chuma zinazojipinda badala ya koili) nao hukaza bolti mpaka tairi halina pa kushukia.

Ipi bora mbele? Zamani ningekujibu ekseli nzima, na kwenye mawe bado nasema hivyo. Lakini barabara ikishachimbwa mifereji miwili na malori, difu ya ekseli nzima inalima lile tuta la katikati kama jembe, na mwenye koili anapita mpaka difu ya nyuma imkamate. Nimebadili mawazo mara mbili, na masika yajayo huenda nikabadili tena.

Yule wa Jumatatu sikumwongezea hata jani moja. Shokapu mbili za nyuma zilikuwa zinavuja, nikazibadilisha. Matairi yake yana vipara. Hela ya majani nimemwambia aipeleke huko.